Jina la Wasukuma: Lilikotoka na Lilivyogeuka

Kitabu cha jubilei hukumbuka mambo makubwa: mapadri wa kwanza, makanisa yaliyojengwa, shule zilizofunguliwa, na wakristu waliotangulia mbele ya haki. Sisi twaomba nafasi kidogo tukumbuke jambo linaloonekana dogo, nalo ni neno moja tu. Neno hilo ni jina la Wasukuma.

Jina hili twalisikia kila siku, sokoni na shuleni, katika redio na katika utani wa watu. Lakini ukiwauliza watoto maana yake, wengi watanyamaza, na mmoja atajibu kwa kucheka kwamba Wasukuma ni watu wa kusukuma. Hata watu wazima wengi hudhani kwamba jina hili limekuwako tangu mwanzo, na kwamba daima limewataja watu wale wale. Sivyo. Jina limesafiri, limepanuka, tena limebadilika maana zaidi ya mara moja. Yafaa tuijue habari hiyo, kwa maana mtu asiyejua jina lake limetoka wapi aweza kulionea haya bila sababu, au kujivuna nalo bila sababu. Na yote mawili huleta ugomvi kati ya ndugu.

NENO LENYEWE

Katika Kisukuma na katika Kinyamwezi ziko pande nne za dunia, nazo zina majina yake. Kaskazini huitwa Sukuma, kusini, Dakama, mashariki, Kiya, na magharibi, Ng'weli. Basi Basukuma, au kwa Kiswahili Wasukuma, maana yake ni watu wa kaskazini. Halina ujamaa na kitenzi cha Kiswahili kusukuma. Maneno hayo mawili yamefanana kwa sauti tu, kama vile kaa la moto na kaa wa baharini.

Neno la upande lina tabia yake. Mto hubaki mto, na mlima hubaki mlima, popote usimamapo. Lakini ukitaja kaskazini, hapana budi kuuliza: kaskazini ya nani? Hakuna mtu aliye wa kaskazini akiwa nyumbani kwake mwenyewe. Nyumbani kwake ndipo katikati, na pande zote huanza hapo. Kwa hiyo jina hili halikutoka kwanza katika vinywa vya wale walioitwa. Lilitoka kwa jirani zao waliokaa upande wa kusini, katika nchi iitwayo leo Unyamwezi. Wao walipotazama huku waliona kaskazini, wakasema: wale ni Basukuma. Na watu wa huku walipotazama kwao waliona kusini, wakasema: wale ni Badakama. Kila mmoja alimpa jirani yake jina la upande, wala hapana aliyejipa mwenyewe.

Je, watu wa huku walijiitaje? Walijiita kwa nchi za utemi wao. Katika upande wetu huu walikuwako watu wa Ntuzu, wa Itilima, wa Kanadi, na wa Mwagala. Mbele zaidi walikuwako watu wa Nera, wa Busiya, wa Bukumbi, na wengine wengi. Kila nchi ilikuwa na mtemi wake, na ngoma zake za utemi, na mipaka yake. Wazee hueleza kwamba neno mtemi latokana na kutema miti, yaani kufyeka pori ili watu wapate kulima na kukaa. Hapakuwa na mtemi mmoja wa Usukuma yote, wala hapakuwa na kiti kimoja ambacho watu wote wa kaskazini walikitii. Lugha yao ilikuwa moja, ingawa kila upande ulikuwa na matamshi yake. Nao waliowana na kubadilishana mifugo na mbegu. Lakini mtu alipoulizwa, Wewe ni nani? hakujibu, Mimi ni Msukuma. Alitaja utemi wake, kisha alitaja ukoo wake.

MTU MMOJA, MAJINA MANNE

Ili jambo hili lieleweke kwa walimu watakaolifundisha, tumfikirie mtu mmoja wa Ntuzu katika karne ya 19, wakati wa misafara ya pembe za ndovu na nguo. Hatumtaji mtu fulani. Twatoa mfano tu.

Nyumbani kwake yeye ni Mnyantuzu. Akitembea kuelekea ziwa kubwa, kule Mwanza, watu watamhesabu kuwa mtu wa Kiya, maana ametoka upande wa mashariki. Akishuka hata Tabora, ambako misafara ilikutana, wenyeji watamwita Msukuma, maana ametoka kaskazini. Tena akipata kazi ya upagazi akachukua mzigo begani mpaka Bagamoyo, watu wa pwani hawatatambua Ntuzu, wala Kiya, wala Sukuma. Watamwita Mnyamwezi, kama walivyowaita karibu wapagazi wote waliotoka bara ile.

Nalo jina Wanyamwezi lina habari ya namna ile ile. Wengi wamelieleza kuwa watu wa mwezi, yaani watu wa magharibi, upande ule ambao mwezi mwandamo huonekana kwanza. Jina hilo nalo lilikua zaidi katika vinywa vya wageni wa pwani kuliko katika vinywa vya wenyewe, ambao walijiita kwa nchi zao, kama vile watu wa Unyanyembe.

Basi mtu yule ana majina manne katika safari moja. Je, amedanganya mahali popote? La. Damu yake ni ile ile, mama yake ni yule yule, na lugha yake haikubadilika. Kilichobadilika ni mahali alipokuwa amesimama yule anayemwita. Twaomba msomaji alishike neno hili, maana ndilo ufunguo wa habari yote inayofuata.

WAGENI WENYE KALAMU

Neno la kinywa huenda na upepo, lakini neno lililoandikwa hukaa. Mwaka 1857 wasafiri Waingereza, Richard Burton na John Speke, walifika Tabora, mahali palipoitwa Kazeh siku zile. Mwaka uliofuata Speke alitoka Tabora akaelekea kaskazini, na katika mwezi wa Agosti 1858 alilitazama ziwa lile kubwa, akalipa jina la malkia wake, Victoria. Msafara wake ulitoka kusini. Kwa hiyo nchi aliyoipita aliijua kwa jina walilolitumia watu wa kusini. Vivyo hivyo Henry Stanley, aliyefika ziwani mwaka 1875 katika kijiji cha Kageyi, aliandika katika habari za safari yake kwamba alipita Usukuma. Hivyo upande wa dunia ukaanza kuwa jina la nchi. Yale yaliyosemwa Tabora kwa kunyoosha kidole yakawekwa katika ramani zilizopigwa chapa Ulaya.

Baada ya wasafiri wakaja wamisionari. Mwaka 1883 Wamisionari wa Afrika, wale ambao watu waliwaita Mapadri Weupe kwa sababu ya kanzu zao, walijenga misioni Bukumbi, kusini mwa ziwa. Nao hawakuweza kuandika katekisimu moja kwa Wanyantuzu, nyingine kwa watu wa Nera, na nyingine kwa kila mtemi. Walihitaji lugha moja ya sala na ya mafundisho. Lugha hiyo ikaitwa Kisukuma. Watu wa nchi nyingi za utemi wakaanza kusali kwa maneno yale yale na kuimba nyimbo zile zile. Hatusemi kwamba wamisionari walitaka kuunda kabila. Walitaka watu waelewe Neno la Mungu. Lakini kitabu kimoja hukusanya watu, nao waliokusanyika hutafuta jina moja la kujiitia.

Hata hivyo tofauti za matamshi hazikufa. Mpaka leo wataalamu wa lugha huitenga Kisukuma cha kaskazini, karibu na Mwanza, na Kisukuma cha Kiya, upande wa kusini mashariki, na hii yetu ya Ntuzu. Ndiyo maana mgeni kutoka Mwanza akiongea nasi Bariadi, mwanzo hutega sikio, kisha hucheka, kisha huelewa.

JINA LAINGIA KATIKA SERIKALI

Serikali ya Wajerumani ilitawala kwa kuwatumia watemi, kila mmoja katika nchi yake. Waingereza walioifuata baada ya Vita Kuu ya kwanza walifanya vivyo hivyo, ila wao walipenda kuwapanga watu kwa makabila, na kila kabila kulipa ardhi yake katika ramani. Mwenye kuandikishwa aliulizwa kabila lake, na karani alitaka jibu la neno moja. Baada ya vita ya pili, katika miaka ya 1940, waliwakusanya watemi wa wilaya zote za Usukuma, Maswa ikiwa mojawapo, katika baraza moja lililokuwa na makao yake Malya. Watemi ambao babu zao hawakupata kukaa chini ya paa moja sasa walikaa pamoja kama watemi wa Wasukuma. Mwaka 1953 Hans Cory, aliyekuwa mtaalamu wa serikali katika mambo ya desturi, alitoa kitabu cha sheria na desturi za Wasukuma, kana kwamba ni nyumba moja yenye sheria moja.

Nao watu wenyewe hawakukaa kimya. Waliona kwamba jina kubwa lina nguvu kuliko majina madogo. Katika miaka ile ile ya 1940 vijana waliosoma walianzisha Umoja wa Wasukuma, ili wapate kusema mbele ya serikali kwa sauti moja. Wakulima wa pamba, waliochoka kupunjwa katika mizani, walijiunga katika vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vyama hivyo vikafungamana katika shirikisho la nchi za ziwani, Paul Bomani akiwa kiongozi wao. Mkulima wa Kanadi na mkulima wa Nera walijikuta na shida moja, basi wakawa na neno moja. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1957, waliojiandikisha kuwa Wasukuma walipita milioni moja, wakawa kabila kubwa kuliko yote ya Tanganyika. Babu zao wangaliulizwa swali lile, wangalitaja majina ya watemi wengi wengi.

Mwaka 1963, baada ya uhuru, serikali ya Tanganyika iliuondoa utawala wa watemi. Hesabu ya watu ya mwaka 1967 ilikuwa ya mwisho kuwauliza watu makabila yao. Viti vya watemi vikaondoka, nalo swali likaondoka katika karatasi, lakini jina likabaki. Hapo awali lilikuwa jina la upande. Baadaye likawa jina la nchi. Kisha likawa jina la kabila katika daftari. Na mwisho likawa jina ambalo watu hulisema wenyewe kwa vinywa vyao.

Kanisa nalo limeuona mgeuko wa majina. Mwaka 1950 iliundwa Vikarieti ya Kitume ya Maswa. Mwaka 1953 ikapandishwa kuwa Jimbo la Maswa. Mwaka 1956 jina likabadilishwa, likawa Jimbo la Shinyanga, na askofu wake akawa Edward McGurkin, wa shirika la Maryknoll la Marekani. Waamini waliobatizwa wakati wa jina la kwanza hawakubatizwa tena kwa ajili ya jina la pili. Altare ilikuwa ile ile.

Tena tusisahau kazi iliyofanyika Bujora, karibu na Mwanza. Padri David Clement, wa Wamisionari wa Afrika, mzaliwa wa Kanada, alizipokea ngoma na vyombo vya kale vya nchi hizi, akavipa heshima mbele ya Kanisa. Huko ndiko sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristu ilikoitwa Bulabo, yaani maua, nao wachezaji wa Bagika na Bagalu hukutana kushindana. Mashindano hayo hayafuati mipaka ya utemi, kwa maana Mgika wa Ntuzu ni ndugu wa Mgika wa Mwanza. Hapo jina la Wasukuma halikutolewa na karani wala na ramani. Watu wenyewe walilicheza kwa miguu yao.

WAAYALANDI NA JINA LA SCOTI

Pengine msomaji atadhani kwamba mambo ya namna hii hutokea Afrika tu, kwa kuwa majina yetu yaliandikwa na wageni. Basi tutazame taifa moja la Ulaya lililotoa wamisionari wengi, nalo ni Waayalandi.

Kwa Kilatini cha kale, tangu karne ya 4, watu waliotoka kisiwa cha Ayalandi waliitwa Scoti. Majirani wao waliwaogopa, maana walivuka bahari katika mashua kuteka watu. Mtakatifu Patrick mwenyewe, katika karne ya 5, alitekwa akiwa kijana, akapelekwa Ayalandi kuchunga mifugo. Baadaye alirudi huko kwa hiari yake kuwahubiria wale waliomfanya mtumwa. Waayalandi wengine walivuka wakakaa upande wa magharibi wa Britania, sehemu za kaskazini. Mwaka 563 Mtakatifu Columba aliwafuata ng'ambo hiyo, akajenga monasteri katika kisiwa cha Iona. Hata mwaka 731, mtawa Bede wa Uingereza alipomaliza kuandika historia ya Kanisa la nchi yake, bado alijua kwamba nchi ya asili ya Scoti ni Ayalandi.

Lakini wale waliohamia Britania walipata nguvu, wakawa na ufalme wao, nalo jina likawafuata. Polepole, tangu karne ya 11, Scoti likaacha kuwataja watu wa Ayalandi, likawataja watu wa nchi tuiitayo Uskoti. Jina lilihama kama mfugaji ahamavyo, likawaacha wale waliokuwa nalo kwanza. Ndiyo maana katika vitabu vya elimu wako wanazuoni wawili waitwao Yohane Scotus. Yule wa karne ya 9, aitwaye pia Eriugena, alikuwa Mwayalandi. Yule mwingine, Duns Scotus, Mfransisko aliyefariki mwaka 1308 katika mji wa Cologne, alikuwa Mskoti. Neno ni moja, mataifa ni mawili.

Msidhani kwamba jambo hili lilikuwa la vitabuni tu. Katika miji ya Ujerumani na Austria watawa wa Ayalandi walijenga monasteri ambazo watu waliziita za Scoti. Moja ilikuwa Regensburg. Nyingine ilianzishwa Vienna mwaka 1155. Mwaka 1418 watawa wa Ayalandi waliondoka katika ile ya Vienna wakaingia wengine, lakini hata leo huitwa monasteri ya Waskoti, ingawa Waskoti hawakuijenga. Tena huko Regensburg jina lilihamisha mali. Watu wa Uskoti walisema: nyumba hii yaitwa ya Scoti, na Scoti ndio sisi, basi ni yetu. Mwaka 1515 Papa Leo wa Kumi aliwapa nyumba hiyo. Waayalandi waliijenga kwa mikono yao, lakini jina lao la kale lilikuwa limekwenda kwa wengine.

Na jina ambalo Waayalandi walijiita wenyewe kwa lugha yao, yaani Gael, je, lilikuwa lao tangu mwanzo? Wataalamu wa lugha hueleza kwamba hilo nalo walilipata kwa majirani, watu wa Wales ng'ambo ya bahari, ambao huenda walikuwa na maana ya watu wa porini. Walilipokea, wakalitumia, na mwishowe likawa jina la heshima. Hapo twaona kwamba hata taifa la watakatifu na wanazuoni lilijiita kwa jina lililotoka kinywani mwa jirani. Tusione haya basi kwamba jina letu lilitolewa kwanza na Wadakama.

JINA LINAPOKWENDA MBALI

Habari ya jina letu haijakwisha. Tangu miaka ya 1970 watu wengi wa nchi hizi wamehama na ng'ombe wao kutafuta malisho na mashamba. Walikwenda Rukwa, wakaenda Usangu upande wa Mbeya, wakaenda bonde la Kilombero katika Morogoro. Katika nchi hizo jina Msukuma lilianza kupata maana mpya. Mara nyingi likisemwa huko, husikika kwa maana ya mfugaji mwenye makundi makubwa. Mahali ambapo ng'ombe waliingia katika mashamba ya watu, au maji yakapunguka, jina lilisemwa kwa hasira. Katika miaka ya 2006 na 2007, serikali ilipowaondoa wafugaji na mifugo yao katika bonde la Usangu ili kuyaokoa maji ya mto Ruaha Mkuu, jamaa za Kisukuma zilikuwa miongoni mwa waliofunga mizigo na kuhama tena.

Tazameni mzunguko wa ajabu. Neno lililoanza kwa kumaanisha watu wa kaskazini limewafuata watu hao mbali kusini, na huko wenyeji wakawaona tena kuwa watu waliotoka kaskazini. Lakini safari hii neno halikubeba upande tu. Lilibeba lawama pia. Na katika miji mikubwa limebeba utani: Msukuma wa hadithi za kuchekesha ni mtu mshamba asiyejua mjini. Utani kati ya makabila ni desturi ya kale ya nchi yetu, nao umewafariji watu hata misibani, hatuukatazi. Lakini utani una wenyewe na mipaka yake. Mtoto akichekwa darasani kwa matamshi yake, mpaka akakataa kusema lugha ya mama yake mbele ya wenzake, huo si utani tena.

Na huku nyumbani jina lapata kupungua, wakati huko mbali lapanuka. Mwaka 2012 ulipoundwa mkoa wa Simiyu, wenye wilaya za Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu, jina lililochaguliwa lilikuwa la mto. Lakini majina Itilima na Meatu ni ya kale, nayo yameinuka tena katika wilaya. Tena twasikia watu wakiuliza: Je, Mnyantuzu ni Msukuma, au ni mtu mwingine? Wako wanaojibu kwa ukali kwamba ni mmoja, na wako wanaojibu kwa ukali kwamba ni wawili. Aliyesoma habari hizi tangu mwanzo ataona kwamba ukali hauna kazi hapa. Ukisimama katika ukoo na utemi wa kale, Mnyantuzu ni Mnyantuzu. Ukisimama katika lugha, na katika vyama vya pamba, na katika ngoma za Bulabo, yeye ni Msukuma. Majina hayo hayapigani. Wanaopigana ni watu.

NENO KWA WALIMU NA KWA WAKRISTU

Tumesema hayo yote ili tupate kutoa mashauri matatu.

La kwanza ni kwa walimu. Wafundisheni watoto pande nne kwa lugha zote mbili, Kiswahili na Kisukuma, wapate kujua kwamba Sukuma ni kaskazini na Dakama ni kusini. Ni somo la dakika chache, lakini mtoto aliyelijua hatasema tena kwamba watu wake ni watu wa kusukuma. Atajua kwamba jina lake ni neno la heshima kama majina mengine, wala hatamdharau Mnyamwezi, kwa maana atamtambua kuwa ndugu aliyekaa upande wa pili wa njia.

La pili ni kwa viongozi wa parokia na wa jumuiya ndogo ndogo. Wazee wanaokumbuka majina ya watemi na mipaka ya nchi zao wanapungua kila mwaka. Mwaka 1963 umepita zamani; aliyekuwa kijana wakati ule ni mzee sana leo. Yafaa kila kigango kiwe na daftari, na mtu mwenye mwandiko mzuri aketi na wazee, aandike majina ya vijiji, ya koo, ya visima na ya vilima, na maana zake. Kazi hii haihitaji fedha. Yahitaji subira na kalamu. Tukiiacha, wajukuu wetu watasoma habari zao katika vitabu vya wageni tu, kama ilivyokuwa tangu siku za Speke.

La tatu ni kwetu sote tulio Wakristu. Kitabu cha Matendo ya Mitume, katika sura ya 11, chatuambia kwamba wafuasi wa Yesu waliitwa Wakristu kwa mara ya kwanza katika mji wa Antiokia. Angalieni: waliitwa. Hakisemi kwamba walijiita. Wao kwa wao walizoea kuitana ndugu, na wanafunzi, na watakatifu. Watu wa mji ule waliwatazama kutoka nje, wakawapa jina. Wafuasi walilipokea, nao wengi waliufia uaminifu wa jina hilo. Jina walilopewa na watu wa nje ndilo tulilobatizwa nalo hata leo, na kwa jina hilo Mnyantuzu, Mdakama, Mwayalandi na Mskoti hupiga magoti mbele ya meza moja.

Kwa hiyo Mkristu akisikia jirani akimwita mgeni kwa jina la kabila lake kwa dharau, asicheke pamoja naye. Na akikutana na jamaa waliohamia parokia yake na mifugo yao, wawe wametoka Maswa au wametoka kwingine, awaulize kwanza majina waliyopewa na wazazi wao, maana Mchungaji Mwema huwaita kondoo wake kila mmoja kwa jina lake. Jina la upande latuambia mtu ametoka wapi. Jina lake mwenyewe ndilo tutakalomwitia mezani na katika sala.